Usiizime swichi ya kikomo!

Leo tuache kidogo mambo ya tovuti na hifadhidata, tuingie karakanani kwenye mafuta na vumbi la mbao. Kuna ushauri mmoja ambao nimeusikia mara nyingi mno, na leo nimeamua kuupinga hadharani. Ushauri wenyewe ni huu: mashine yako yenye mota za servo ikisimama ghafla, na draiva ikaonyesha kwamba imevuka kikomo, basi ingia kwenye parameta, zima hicho kikomo, kazi iendelee. Dakika mbili tu, mteja anafurahi.

Wanaoutoa si mafundi pekee. Sisi waandishi wa programu tunautoa pia, tena kwa majivuno, kwa sababu tunaamini mipaka ya kwenye programu inatosha. Nasema haitoshi. Swichi ya kikomo ikilalamika, ama mashine imefika pabaya kweli, ama kuna kitu kimeharibika kati ya swichi na draiva. Katika hali zote mbili unahitaji kujua, na ukiizima hutajua.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona mashine ya namna hii, maelezo mafupi. Mota ya servo ni mota yenye enkoda mgongoni, yaani kifaa kinachohesabu mzunguko. Enkoda ya biti 17 inaugawa mzunguko mmoja kuwa hesabu 131,072. Mota ikizungusha skrubu ndefu inayosogeza kigari milimita 10 kila mzunguko, hesabu moja ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ajabu, sivyo? Lakini kwa ustadi huo wote, mota haijui ukuta uko wapi. Inajua hesabu tu. Ukiiambia iende mita tatu kwenye skrubu ya mita mbili, itakwenda mita mbili na kisha itapigana na chuma.

Ndiyo maana kila mwisho wa njia huwekwa swichi. Kigari kikifika hapo kinaibonyeza, na draiva inakataa kuendelea upande huo ila inakubali kurudi. Kwenye draiva za Yaskawa ishara hizo mbili zinaitwa P-OT na N-OT, Mitsubishi wanaziita LSP na LSN, Panasonic POT na NOT. Delta ASDA wao hukuonyesha namba: AL014 kwa kikomo cha kurudi nyuma na AL015 kwa kikomo cha kwenda mbele. Majina tofauti, kazi ile ile.

Hapa nina ugomvi mdogo na lugha yetu. Vitabu vya umeme husema swichi "imefungwa" wakati umeme unapita. Lakini nyumbani tukisema funga redio tunataka inyamaze, na tukisema fungulia redio tunataka iimbe! Nimeona watu wazima wakibishana nusu saa juu ya swichi moja, kumbe kila mmoja anasema jambo lile lile. Kwa hiyo mimi nitasema vyuma vya ndani vimegusana au vimeachana. Swichi yenye herufi NC ni ile ambayo vyuma vyake hugusana wakati haijabonyezwa. Yenye herufi NO vimeachana mpaka ubonyeze.

Swichi ya kikomo inatakiwa iwe NC. Umeme upite muda wote mashine ikiwa salama, na ukatike kigari kinapofika mwisho. Kwa nini? Kwa sababu panya akila waya, umeme unakatika. Skrubu ya kiunganishi ikilegea, umeme unakatika. Chanzo cha volti 24 kikifa, umeme unakatika. Kila ubaya huo unaonekana kwa draiva kama kikomo, na mashine inasimama. Ukitumia NO, waya uliokatika unafanana kabisa na mashine iliyo salama, na utagundua siku kigari kitakapogonga ukuta.

Sasa, tatizo ambalo watu hawalisemi. Draiva mpya ya Yaskawa Sigma-II, au Mitsubishi MR-J4, au Delta ASDA-B2, ukiitoa kwenye sanduku bila kuunga swichi zozote, inajiona imefika kwenye kikomo. Na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa nyaya hazipo. Lakini fundi anayejifunza anataka kuona mota ikizunguka juu ya meza. Anauliza, anaambiwa azime vikomo, anazima, mota inazunguka, furaha tele. Somo lake la kwanza kuhusu swichi ya kikomo ni kwamba ni kero ya kuondolewa. Miaka mitano baadaye bado anafanya hivyo hivyo, ila sasa mota imefungwa kwenye mashine ya kilo mia nne.

Sisemi kwamba kuzima ni dhambi kila mara. Mota iliyo mezani, haijashikana na kitu, zima vikomo ujaribu. Meza inayozunguka duara bila mwisho, au mkanda wa kubebea mizigo, haina ukuta wa kugonga, kwa hiyo hata vitabu vya watengenezaji vinaruhusu. Panasonic MINAS A5 hutoka kiwandani vikomo vikiwa vimezimwa, na ni juu yako kuviwasha kupitia Pr5.04. Ugomvi wangu ni juu ya mashine yenye mwanzo na mwisho ambayo imeanza kazi.

Ukinunua mashine ya mitumba, angalia parameta kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye Sigma-II, Pn50A ikisoma 8100 badala ya 2100, na Pn50B 6548 badala ya 6543, jua kuna mtu alipita hapo kabla yako akaziba masikio ya draiva. Kwenye Delta angalia P2-15 na P2-16. Za kiwandani ni 22 na 23. Zikiwa sifuri, uliza kulikoni, kisha angalia na P2-17 iliyo jirani yake, maana ushauri ule wa dakika mbili mara nyingi huifuta na hiyo pia. P2-17 kutoka kiwandani ni ya kitufe cha dharura! Yaani ili kunyamazisha alamu, mtu amekata breki na honi kwa pamoja.

Tuje kwa wenzangu wa programu. Hoja yao ni kwamba kompyuta inajua kigari kiko wapi, hivyo programu ikikataa amri yoyote inayovuka mpaka, swichi ya nini? Hoja hii ingekuwa nzuri kama stima isingepotea. Enkoda ya kawaida huhesabu kuanzia pale ilipowashwa. Stima ikipotea katikati ya kazi, na sote tunajua inavyopotea, hesabu inafutika. Ikirudi, mashine inadhani mahali ilipo ni sifuri. Mipaka yako yote ya programu imehama nayo! Mpaka mashine itafute tena mahali pake pa nyumbani, mipaka hiyo ni namba tu zisizo na maana. Waandishi wa GRBL, programu ya bure inayoendesha mashine nyingi ndogo za kuchonga, wanalijua hili. Mipaka ya programu ni $20, na programu inakataa kuiwasha kama hujawasha kwanza $22, yaani kutafuta nyumbani. Swichi zenyewe zinawashwa kwa $21. Vitu viwili, mistari miwili, kwa sababu kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Utasema enkoda za kisasa hukumbuka mahali hata stima ikipotea. Kweli, nyingine zinakumbuka kwa msaada wa betri ndogo. Betri hufa. Na fundi akibadilisha mota au akilegeza kiungo kati ya mota na skrubu, kumbukumbu hiyo inabaki sahihi kwa mota na uongo kwa kigari. Swichi haina kumbukumbu hata kidogo. Kigari kiko hapo au hakipo.

Kuna kisa ambacho kila aliyesoma sayansi ya kompyuta alipaswa kufundishwa, ingawa hakihusu mota za servo. Therac-25 ilikuwa mashine ya hospitali ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma vilivyozuia mionzi mikali isitoke wakati usiofaa. Kwenye Therac-25 watengenezaji waliondoa vizuizi vingi vya aina hiyo wakaiachia programu kazi. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita, Marekani na Kanada, walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner uliochapishwa 1993 ulieleza kwamba makosa ya programu ya namna hiyo yalikuwamo pia ndani ya Therac-20. Hakuna aliyeumia kule kwa kuwa kizuizi cha chuma kilikuwa kikiyafunika makosa. Kwa hiyo mwenzangu akiniambia programu yake imefanya kazi miaka mitatu bila swichi kubonyezwa hata mara moja, simpongezi.

Sasa tufanye kazi ya kutafuta ugonjwa wenyewe, maana ni rahisi kusema usizime, lakini mwenye karakana anataka kuchonga milango leo.

Nilipata kuitwa kwenye karakana moja ya fanicha hapa Nairobi, yenye mashine ya mitumba ya kuchonga mbao kwa kompyuta. Niliitiwa programu, wakidhani programu ndiyo inayosimamisha mashine. Wakati huo fundi wao alikuwa tayari ameunga kipande cha waya mwekundu kwenye viunganishi vya swichi za upande mmoja, draiva isikie "salama" milele. Mashine ilifanya kazi vizuri wiki tatu. Kisha stima ikapotea jioni moja, ikarudi, kijana aliyekuwa zamu akaendelea bila kutafuta nyumbani, na kigari kikaenda kugonga mwisho kwa kasi. Hakuna aliyeumia. Skrubu ilipinda, kiungo cha mota kikapasuka, na mwenye karakana akakaa bila mashine akisubiri skrubu nyingine itoke ng'ambo. Nilimuuliza fundi kwa nini aliunga ule waya. Akaniambia, "Kaka, ilikuwa inasimama bure mara ishirini kwa siku, na mzee anataka kazi."

Sikumlaumu sana. Mashine inayosimama bure mara ishirini itamfanya mtu yeyote atafute waya mwekundu. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni: inasimama wapi?

Hilo ndilo swali langu la kwanza siku zote, na ninalipenda kuliko kipimo chochote. Andika mahali kigari kilipokuwa na saa, kila mara kinaposimama. Usifanye kingine. Baada ya mara kumi utaona sura. Kikisimama karibu na mahali pale pale katikati ya njia, mbali na swichi zote, shuku kebo. Kebo hupita ndani ya ule mnyororo wa plastiki unaokunjika na kukunjuka pamoja na kigari, na waya mwembamba ukikunjwa mara laki kadhaa hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima kabisa. Kwa macho huoni kitu. Ukipima kwa mita kebo ikiwa imetulia, inapitisha umeme vizuri. Inakatika tu inapopinda kwenye kona fulani. Basi unga mita, sogeza kigari polepole kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, na sikiliza mlio wa mita ukikatika. Kwenye ile karakana mlio ulikatika karibu katikati ya njia, kila safari, mahali pale pale. Kebo ya mita chache tu! Na ukinunua nyingine, chukua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kukunjwa, si ya kupitisha ukutani.

Kikisimama mahali popote lakini kila mara spindo inapowaka, au mashine ya kuchomelea ya jirani inapofanya kazi, hizo ni kelele za umeme. Nyaya za swichi zimelala ubavuni mwa nyaya nene za mota na zinaokota ishara za uongo. Zitenganishe, tumia kebo yenye wavu wa kinga, na wavu huo uunge kwenye athi. Waliounga swichi moja kwa moja kwenye Arduino ndio wanaoteseka zaidi, kwa kuwa kipinzani cha ndani cha ile chipu ni dhaifu sana, kiloohmu 20 hadi 50, na volti ni 5 tu. Volti 24 ina ubavu zaidi dhidi ya kelele.

Kikisimama asubuhi tu au baada ya mvua, fungua swichi utazame kama kuna maji. Kikisimama bila mpangilio wowote, kaza viunganishi vyote. Naam, bisibisi. Aibu kusema ni mara ngapi bisibisi imetosha.

Kuna aina nyingine ya ugonjwa ambayo ni mbaya kuliko kusimama bure: swichi ni nzima, inafanya kazi, na bado kigari kinagonga. Hapa watu huchanganyikiwa kabisa. Mara nyingi sababu ni hesabu ya darasani. Mota inayozunguka mizunguko 3000 kwa dakika kwenye skrubu ya milimita 10 inasukuma kigari milimita 500 kwa sekunde. Ikipunguza kasi kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, itahitaji milimita 62.5 kusimama. Ongeza milisekunde 20 za kichujio na za PLC kusoma ishara, hizo ni milimita 10 zaidi kabla breki haijaanza. Kama swichi imewekwa milimita 30 kutoka ukutani, imewekwa kwa mapambo. Na kasi ikiongezwa mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne. Mtu anayekuja kuongeza kasi ya mashine "kidogo tu" bila kuhamisha swichi ameshaharibu hesabu ya aliyeiunda.

Au kile kipande cha chuma kinachobonyeza swichi ni kifupi. Kigari kinabonyeza, kinateleza mbele kidogo, kinaipita swichi, nayo inajiachia. Draiva inaona salama tena! Kipande hicho lazima kiwe kirefu cha kutosha kuendelea kubonyeza mpaka ukutani.

Na ile ninayoiogopa kuliko zote: swichi mbili zimebadilishana nyaya. Kigari kinafika mwisho wa mbele, draiva inapata ishara ya mwisho wa nyuma. Inakataza kurudi, inaruhusu kwenda mbele. Yaani inazuia njia ya wokovu na kufungua ya maangamizi. Kwa mtazamaji kila taa inawaka inavyopaswa. Kuigundua ni rahisi ukiwa mapema: endesha mota mbele polepole sana, kama milimita 5 kwa sekunde, na bonyeza swichi ya mbele kwa kijiti, si kwa kidole. Mota isimame. Isiposimama, zima, badilisha nyaya. Rudia kwa upande wa nyuma. Ukimaliza, chomoa waya mmoja wa kila swichi uone kama mashine inasimama pia. Mimi siandiki hata mstari mmoja wa programu ya mashine mpya kabla ya majaribio haya kufanyika nikiyaona kwa macho yangu, na wapo wateja walionung'unika kwamba napoteza muda wao.

Mhimili wa kusimama wima unahitaji jicho la ziada. Chagua jinsi mota itakavyosimama kwenye kikomo. Kwenye Yaskawa ni Pn001, na ukiiacha kama ilivyotoka kiwandani mzigo unaweza kushuka wenyewe baada ya kusimama. Uwekee hali ya kupunguza kasi kisha kushikilia mahali, na uwe na breki ya chuma kwa wakati stima ikipotea.

Kwa upande wetu wa programu kazi ipo pia. Ishara ya kikomo ikiingia, acha kutuma amri za mwendo papo hapo. Draiva imesimama, lakini kama kompyuta inaendelea kumimina palsi, tofauti kati ya ulichoamuru na mahali kigari kilipo inazidi kukua, na matokeo yake ni alamu nyingine juu ya ile ya kwanza, au mruko wa ghafla kikomo kikiachiwa. Futa tofauti hiyo. Mruhusu mtu kurudi nyuma tu, kwa kasi ndogo, kwa kushikilia kitufe. Usikubali kazi iendelee mpaka mashine itafute nyumbani tena. Kisha andika kwenye faili tarehe, saa, mhimili gani, kigari kilikuwa milimita ngapi, na spindo ilikuwa imewaka au la. Ni mistari kumi hivi ya programu. Ile karakana sasa wanayo, na fundi wao hunitumia faili hiyo kila mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita ilikuwa na mistari miwili, yote saa za asubuhi, upande wa dirisha. Nimemwambia aangalie maji kwenye swichi.